TAIRI NI CHOMBO CHA KAZI, SI DENI LA DEREVA

Ndugu wafanyakazi,

Katika mikutano yetu hapa Kasese tumezoea kuzungumza juu ya mishahara, posho za safari na malimbikizo. Hayo ni mambo makubwa, wala sina nia ya kuyapunguza. Lakini leo nawaomba wenzangu, hasa madereva na wale wanaochukuliwa na madereva, tutazame chini kidogo, kwenye kile kitu cheusi kinachobeba uzito wetu wote kila tunapotoka katika lango la ofisi. Nataka kusema juu ya matairi.

Najua wako watakaocheka. Watasema, je, chama kimekosa la kufanya hata kizungumzie mipira? Nami nawajibu kwa swali moja tu: tairi la gari la kazi ni la nani? Likiwa jipya dukani, ofisi husema ni lake, na dereva hana ruhusa ya kusema linunuliwe lipi wala lini. Likipasuka mlimani, ghafla linakuwa la dereva. Ataandika barua ya kujieleza, na mwisho wa mwezi atakuta mshahara wake umepungua. Kitu hicho kimoja kina wenye wawili, mmoja wa kuamua na mwingine wa kulipa. Haya ndiyo ninayotaka tuyakatae.

Mimi ni dereva wa siku nyingi wa magari yale yanayovuta kwa magurudumu yote manne. Nimeendesha Land Rover za zamani, kisha Land Cruiser, kisha pikapu za kila namna. Siandiki kwa kusikia.

Miaka kadhaa iliyopita, mwajiri wangu wa wakati ule alinipa gari ambalo matairi yake mawili ya nyuma yalikuwa vipara. Niliandika ombi la matairi mapya. Nikaambiwa fedha za robo ile zimekwisha. Niliandika tena, nikaambiwa ombi liko kwa mhasibu. Niliandika mara ya tatu, nikaambiwa ninasumbua. Wakati wa mvua tukatumwa Kyarumba, na jioni tulipokuwa tukirudi watu wakatusimamisha. Palikuwa na mama mwenye uchungu wa uzazi, na hapakuwa na gari jingine. Tulimpakia, tukaanza kushuka kuelekea Kisinga. Hatukufika mbali. Tairi la nyuma la kulia likapasuka kwenye mteremko, gari likavutwa kwenda ukingoni, na Mungu akatusaidia likasimama kwenye tuta la udongo.

Wenzangu madereva wanajua yaliyofuata bila kusimuliwa. Tairi la akiba lilikuwa limening'inizwa chini ya gari, na mnyororo wake umeshika kutu. Jeki ilikuwa fupi, nayo ikazama katika tope. Spana haikulingana na nati mbili kati ya zile zilizokuwapo, maana mtu alikwisha kuzibadilisha. Wanakijiji walileta mawe na ubao wa mlango kuweka chini ya jeki. Kazi ya dakika 20 ilichukua zaidi ya saa moja na nusu, huku mama yule akilia ndani ya gari. Mwisho akachukuliwa kwa pikipiki, amekaa katikati ya dereva na shemeji yake, usiku, katika mvua, kwa njia ile ile iliyotushinda sisi. Alifika hospitali, akajifungua salama. Lakini usalama wake haukutoka kwetu.

Wiki iliyofuata niliitwa ofisini. Nilidhani nitaulizwa habari za yule mama. Niliulizwa kwa nini nimepasua tairi. Mshahara wangu ukakatwa miezi mitatu. Yale maombi yangu matatu hayakuonekana katika faili.

Sasa tuitazame nchi yenyewe tunayofanyia kazi. Kutoka Kasese mjini hadi njia panda ya Kikorongo, na kutoka hapo hadi Bwera na mpaka wa Mpondwe, barabara ni ya lami. Mgeni huona lami hiyo akadhani kazi yetu ni rahisi. Lakini joto la bondeni ni kali, na tairi lenye upepo mdogo likienda kasi juu ya lami ya moto huchemka kwa ndani hata likaachana nyuzi zake. Sehemu ya njia hiyo inapita katika Mbuga ya Taifa ya Queen Elizabeth. Kubadili gurudumu pale usiku si sawa na kubadili mbele ya duka, kwa kuwa tembo na nyati hawana habari ya jeki.

Na ukiacha lami ukapanda upande wa Rwenzori, kwenda Kyarumba, Kyondo au Kilembe, unakuta mawe yenye makali, makorongo na madaraja yanayoondoka kila mvua kubwa inaponyesha. Siku ya Mei Mosi ya mwaka 2013, sikukuu yetu wafanyakazi, mto Nyamwamba ulifurika na kushusha mawe makubwa juu ya Kilembe na Kasese. Mwaka 2014 ulirudia, na mwezi wa Mei 2020 ukaiharibu vibaya hospitali ya Kilembe. Mwezi wa Juni 2019 ugonjwa wa Ebola ulipovuka kutoka Kongo, wagonjwa walitengwa na kutibiwa Bwera, na watumishi wa afya wakazunguka vijijini kuwatafuta wote waliokutana nao. Katika siku kama hizo tunaambiwa kwamba dereva ni askari wa mstari wa mbele. Maneno hayo ni mazuri, lakini askari hupewa viatu.

Tukumbuke pia kwamba zamani mzigo wa wilaya hii haukubebwa na matairi peke yake. Reli ilifika Kasese mwaka 1956, ikachukua shaba ya Kilembe. Katika miaka ya 1990 reli hiyo ilinyamaza. Tangu hapo karibu kila kitu, saruji ya Hima, chumvi ya Katwe, kahawa ya mlimani, dawa na wagonjwa, kinakwenda juu ya mpira na upepo.

Kuna jambo moja la ufundi ambalo wakubwa wetu wengi hawalijui, na kwa sababu hawalijui wanatupa fedha za ofisi huku wakidhani wanaziokoa. Gari la magurudumu manne halipendi kununuliwa tairi moja moja. Gari la kawaida huvuta kwa magurudumu mawili. Ukiweka mbele matairi yaliyotofautiana kidogo na ya nyuma, litavumilia. Lakini gari letu, mara unapotia gia ya magurudumu manne, sehemu ya mbele na ya nyuma hufungwa pamoja na kulazimishwa kuzunguka sawasawa. Kama matairi hayalingani kwa kimo, yanagombana.

Nitatoa mfano wa hesabu. Liko tairi linaloandikwa 235/85R16, na liko linaloandikwa 265/70R16. Yote mawili hukaa katika rimu ya inchi 16, na kwa macho ya mtu wa ofisini ni matairi ya jeep tu. Lakini la kwanza lina kimo cha milimita 806 hivi, na la pili milimita 777. Katika kila kilomita moja la kwanza huzunguka mara 395, na la pili mara 409. Mbele weka aina moja, nyuma aina nyingine, uende kilomita 50 umetia gia ya magurudumu manne: tofauti inapita mizunguko 700. Katika tope au changarawe magurudumu huteleza kidogo na tofauti hiyo ikapotea. Juu ya ardhi ngumu haina pa kwenda. Inakaa katika shafti na katika lile sanduku la pili la gia, mpaka meno yaanze kusagika. Ndipo ofisi iliyokataa kununua matairi manne inapolazimika kununua sanduku la gia. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Hata matairi ya namba moja yanaweza kutofautiana, likiwa moja jipya na jingine limekwisha meno. Kwa hiyo fundi mwenye akili hushauri yabadilishwe yote manne pamoja, au angalau mawili ya ekseli moja, na tairi la akiba liwe la namba ile ile na liingie katika zamu, lisiachwe chini ya gari hadi lizeeke bila kazi. Nasikitika kusema kwamba nimeona tairi la akiba likiwa la gari dogo la mjini, limetiwa pale ili fomu ya ukaguzi ipate alama ya ndiyo.

Sasa twende dukani. Ofisi zetu nyingi hununua kwa bei ya chini kuliko zote iliyoletwa mezani. Sipingi ubanaji wa matumizi. Lakini karatasi ya zabuni husema "matairi 2 ya gari", basi, bila namba, bila uzito linaoweza kubeba, bila mwaka wa kutengenezwa. Mfanyabiashara naye huleta alicho nacho. Kila tairi lina ubavuni mwake namba nne zinazotaja juma na mwaka lilipotengenezwa. Ukisoma 2314, jua kwamba lilitoka kiwandani juma la 23 la mwaka 2014. Mpira huzeeka hata ukikaa stoo. Watengenezaji wengi hushauri tairi lichunguzwe kila mwaka likishapita miaka 5, na lisitumike kabisa likishapita miaka 10. Kwa hiyo tairi linaweza kung'aa na kuwa na meno yote, nalo ni zee. Karani wa manunuzi hakufundishwa kuisoma namba hiyo. Dereva anaijua, lakini hakualikwa.

Matairi haya yote yanatoka mbali. Afrika Mashariki ilikuwa na viwanda vyake: General Tyre ya Arusha, ambayo ilisimama kabla ya mwaka 2010, na kile cha Nairobi kilichoanza kwa jina la Firestone na kuishia kwa jina la Sameer, kilichoacha kutengeneza matairi mwaka 2016. Wenzetu wafanyakazi wa huko walipoteza kazi, na sisi tukapoteza kiwanda cha jirani. Leo tairi linavuka bahari, linapanda kutoka Mombasa au Dar es Salaam, linapita Kampala, na likifika Kasese kila mkono uliolishika umeongeza bei. Ndiyo maana tairi jipya la gari la kazi ni ghali, na ndiyo maana kumkata dereva bei hiyo ni kumnyang'anya chakula cha watoto.

Sheria inasemaje? Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 haimpi mwajiri ruhusa ya kukata mshahara apendavyo. Makato ni yale tu yaliyoruhusiwa. Chombo kuchakaa kwa kufanya kazi ya mwajiri si wizi wala si uharibifu wa makusudi. Jembe la kampuni likiisha makali, je, mlimaji hulipa chuma? Tena iko Sheria ya Usalama na Afya Kazini, nayo ya mwaka 2006. Hiyo inamtaka mwajiri alinde usalama wa wafanyakazi wake, na inampa mfanyakazi haki ya kujiondoa penye hatari kubwa iliyo karibu, akiwa na sababu nzuri ya kuamini kwamba iko. Kwangu mimi, tairi kipara, mvua, mteremko wa Kyarumba na watu sita ndani ya gari ni sababu nzuri kabisa.

Lakini haki iliyo kitabuni haimsaidii dereva aliyesimama peke yake mbele ya mkubwa saa 12 asubuhi. Akisema "Mzee, gari hili haliendi", atajibiwa "Kama hutaki kazi, wako wengine." Wote tunajua jibu hilo. Anaondoka. Akifika salama, hakuna atakayemshukuru. Asipofika, itaandikwa kwamba dereva alikuwa katika mwendo wa kasi. Hapo ndipo chama kinapohitajika. Mtu mmoja akikataa tairi bovu ataitwa mkaidi. Madereva wote wa wilaya wakikataa kwa utaratibu uliokubaliwa na kuandikwa, huo ni mkataba.

Nitakuwa mwongo nisiposema pia makosa yetu. Waajiri husema kwamba madereva huendesha kwa fujo, huacha kupima upepo, na wapo wanaouza tairi zuri la ofisi na kurudisha bovu. Hayo yapo, ndugu zangu. Nimewahi kumwona mtu akipanda mawe kwa kasi kwa sababu gari si la baba yake. Nimewahi kuona rimu iliyoondoka asubuhi na tairi jipya ikirudi jioni na tairi lililostahili kukatwa lugabire za kuuza sokoni. Mtu wa namna hiyo hatuibii ofisi tu, anatuibia sisi, maana kwa ajili yake mwaminifu hasadikiwi. Chama kisimfiche. Lakini dawa ya mwizi ni kumbukumbu nzuri, na hakuna haki katika kuwakata mshahara wote. Namba ya kila tairi ikiandikwa siku linapofungwa, pamoja na kilomita za gari siku hiyo, mwizi atajulikana kwa wiki moja, na mwaminifu atakuwa na ushahidi wake.

Usalama haumhusu dereva peke yake. Mfikirieni kijana wa matairi pale Bwera, anayekaa kando ya barabara na pampu yake, hana mkataba wala kofia. Baadhi ya magari yetu ya kazi bado yana rimu za pete, zile zinazofungwa kwa chuma cha mviringo. Pete hiyo isipokaa vizuri, wakati wa kujaza upepo hurushwa kama risasi, nayo huua. Upepo lazima utolewe wote kabla ya kufungua, na wakati wa kujaza gurudumu liwe ndani ya kizimba cha chuma, mtu asimame kando. Vizimba hivyo ni vichache mno huku kwetu. Basi ofisi inayompelekea kijana huyu rimu ya pete bila kizimba, ili iokoe shilingi chache, inahamisha hatari yake kwa mtu mnyonge zaidi.

Kwa hiyo napendekeza tawi letu lipeleke mambo matano katika mazungumzo yajayo na waajiri wote wenye magari ya kazi katika wilaya hii.

Kwanza, matairi yawekwe katika makisio ya mwaka kama yalivyowekwa mafuta, yanunuliwe kwa kilomita na kwa kipimo cha meno, yasingoje kupasuka. Katika nchi nyingi mwisho wa tairi ni meno ya milimita 1.6. Kwa njia zetu za tope, hata kabla ya hapo limekwisha kuwa hatari.

Pili, yanunuliwe manne, au mawili ya ekseli moja, ya namba moja, na karatasi ya zabuni itaje namba, uzito na umri. Dereva au fundi atie sahihi kabla tairi halijapokelewa.

Tatu, kila gari liwe na jeki inayolifaa, ubao wa kuwekea jeki, spana inayolingana na nati zote, taa, na tairi la akiba lililo zima. Ukaguzi uwe wa kushusha tairi na kulitazama. Kuweka alama katika fomu hakutoshi.

Nne, kila gari liwe na daftari la matairi, na ombi la dereva liandikwe nakala mbili, moja ibaki kwake ikiwa na muhuri. Kama ningekuwa na nakala zangu tatu siku ile, nisingekatwa hata senti.

Tano, asikatwe mshahara dereva yeyote kwa tairi lililopasuka kazini, mpaka kosa lake la makusudi limethibitishwa mbele ya mwakilishi wa chama. Na dereva anayekataa kuondoka na gari bovu kwa utaratibu huu asiadhibiwe. Mwajiri asipokubali, jambo lipelekwe kwa Afisa Kazi wa wilaya, na chama kiende pamoja naye, asiende peke yake.

Wako watakaosema kwamba haya ni madai ya gharama. Nawaomba wafanye hesabu upya: sanduku la gia, gari lililopinduka, chanjo zilizoharibika kwa joto kandoni mwa njia, na siku za kazi zilizopotea. Halafu waongeze mama mmoja juu ya pikipiki, usiku, katika mvua. Huyo hakuandikwa katika hesabu ya mtu yeyote.

Ndugu madereva, kesho asubuhi kabla hujawasha gari, lizunguke. Gusa matairi yote, na la akiba usilisahau. Soma zile namba nne. Ukiona kasoro, iandike, weka nakala, na umwambie mwakilishi wako siku hiyo hiyo. Nasi wengine tusimwache asimame peke yake.

Umoja ni nguvu.

Dereva mwanachama,
Kasese